Kichwa Kinachouma Ukisimama: Namna ya Kutambua Upungufu wa Maji ya Uti wa Mgongo na Madhara Yake kwa Ubongo

Mgonjwa wa aina hii huzunguka sana Nairobi kabla ya kupata jibu. Hupimwa malaria, ingawa jiji lenyewe liko kwenye mwinuko ambao maambukizi ya malaria ni machache. Hupewa dawa za taifodi, kisha za sainasi, kisha za kipandauso, na mwisho huambiwa ana mawazo mengi. Wakati huo wote dalili kuu iko wazi: kichwa kinauma akisimama na kinatulia akilala. Hakuna aliyemuuliza.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa, wa jamaa anayemsindikiza, na wa afisa wa kliniki au muuguzi anayemwona kwanza. Maswali huja kwanza, mashine baadaye, na mpangilio wa vipimo una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kipimo kizuri kikifanywa kwa wakati usiofaa huharibu ushahidi.

Kinachotokea ndani ya fuvu

Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, na mwili hutengeneza takriban mililita 500 kila siku huku mengine yakifyonzwa. Ubongo wenye gramu 1,400 hivi, ukielea ndani ya maji hayo, hubaki na uzito wa gramu 50 tu. Kukiwa na tundu mahali fulani kwenye uti, maji huvuja haraka kuliko yanavyotengenezwa, na ubongo hukaa chini kama mashua maji yakipwa. Mtu akisimama, uzito huo huvuta utando na mishipa iliyoushikilia. Akilala, mvuto hulegea.

Fuvu halipungui ukubwa, kwa hiyo nafasi iliyoachwa na maji lazima ijazwe. Mishipa ya vena hutanuka kwa damu, dura (utando mgumu wa nje) hunenepa, tezi ya pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo) huvimba, na majimaji hujikusanya kati ya dura na ubongo. Ukielewa jambo hili moja, karibu kila kitu utakachoandikiwa kwenye ripoti ya MRI (picha ya mashine ya sumaku) kitaeleweka. Na kinachopungua hasa ni ujazo wa maji. Shinikizo lake linaweza kubaki la kawaida kabisa, nalo ndilo linalowapoteza madaktari wengi.

Uvujaji huanza kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni sindano: ganzi ya mgongo wakati wa kujifungua kwa upasuaji, epidurali (ganzi inayowekwa nje ya dura) iliyotoboa dura kwa bahati mbaya, au kutolewa maji ya mgongo kwa uchunguzi. Ya pili hutokea yenyewe. Mwiba wa mfupa au diski iliyokauka na kuwa ngumu, mara nyingi kwenye pingili za kifua, hutoboa dura kwa mbele. Au mfuko mdogo kwenye shina la neva hupasuka pembeni. Au maji hupata njia isiyotakiwa inayoyamwaga moja kwa moja kwenye mshipa wa vena, aina iliyoelezwa kitaalamu mwaka 2014 tu, ndiyo maana waliosoma udaktari zamani kidogo hawakufundishwa. Makadirio ya nje ni watu 4 hadi 5 kwa kila 100,000 kwa mwaka, wanawake zaidi ya wanaume, wengi wakiwa na miaka 30 hadi 50. Watu warefu wembamba wenye viungo vinavyopinda kupita kiasi wako kwenye hatari zaidi, kwa sababu dura yao nayo huwa dhaifu.

Anza na saa ya ukutani

Swali la "kichwa kinauma wapi?" halitoshi. Uliza hivi:

"Mama, ukiamka asubuhi kabla hujatoka kitandani, kichwa kikoje?"
"Hakiumi, daktari. Au kidogo tu."
"Ukishaamka, kinaanza baada ya muda gani?"
"Nikishachemsha chai, nikianza kuwavisha watoto. Baada ya muda wa saa moja hivi."
"Ukirudi kulala?"
"Kinashuka. Nusu saa, naweza kuongea na watu."

Majibu hayo matatu yana uzito kuliko picha nyingi. Kwa vipimo kamili: maumivu yawe hayapo au yawe madogo (1 hadi 3 kati ya 10) mtu anapoamka au baada ya kulala chali muda mrefu, yaanze ndani ya saa mbili za kuwa wima, na akilala chali yapungue kwa zaidi ya nusu ndani ya saa mbili. Mtindo huo ujirudie siku baada ya siku. Mara moja haitoshi, maana hata kipandauso humfanya mtu atamani kulala.

Mwambie mgonjwa aandike kwa siku tatu kwenye daftari au simu: saa aliyoamka, alama ya maumivu kabla ya kuinuka, alama baada ya dakika 15, saa moja, na saa mbili akiwa wima, kisha alama baada ya kulala bapa kwa saa mbili. Bapa ni bapa: mto mmoja mwembamba au bila mto. Anayeegemea mito mitatu akitazama simu hajalala, na matokeo yake hayasemi kitu. Asinywe dawa ya maumivu katikati ya jaribio la saa mbili, la sivyo hutajua ni dawa au ni mlalo uliosaidia.

Maumivu kwa kawaida hukaa kisogoni, shingoni, na kati ya mabega. Pamoja nayo huja masikio kuziba, mlio, au sauti kusikika kana kwamba inatoka mbali, kichefuchefu, kizunguzungu, mwanga kuumiza, na wakati mwingine kuona viwili viwili kwa sababu neva inayogeuza jicho kwenda nje imevutwa. Masikio ndiyo dalili inayosahaulika kuliko zote. Mgonjwa hufikiri ni nta, huenda kusafishwa, na hataji tena.

Kuna wanaopotoka kwenye mtindo huu. Wengine huamka vizuri na kuzidiwa alasiri tu, hivyo hudhani ni uchovu wa kazi. Wengine huumwa wanapokohoa, kucheka, kuinua kitu, au kujikamua chooni, na hawa hasa hupatikana na njia ya kwenda kwenye vena. Na kadiri miezi inavyopita, uhusiano na kusimama hufifia, maumivu yakawa ya siku nzima. Kwa mgonjwa wa muda mrefu, swali sahihi ni jinsi kichwa kilivyokuwa wiki ile ya kwanza. Wengi hukumbuka hata siku.

Yasiyosubiri daftari

Haya ni ya kwenda hospitali leo: maumivu yaliyolipuka ghafla na kufika kilele ndani ya dakika moja, homa na shingo ngumu, degedege, udhaifu wa upande mmoja, kupoteza uwezo wa kuona, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa. Ongeza moja linalopuuzwa: kichwa kilichokuwa kikitulia mtu akilala, sasa kinauma hata amelala. Hilo linaweza kumaanisha damu imevuja chini ya dura, au bonge la damu limeziba mshipa wa vena wa ubongo. Yote mawili ni matatizo yanayojulikana ya uvujaji huu.

Na kichwa kinachouma zaidi mtu akilala, kikimwamsha alfajiri na kutapika, ni kinyume cha hiki. Hapo shinikizo limepanda, na kwa mtu mwenye VVU asiyetibiwa vyema fikiria kwanza kriptokoka, maambukizi ya kuvu kwenye utando wa ubongo.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji

Hapa ndipo wagonjwa wengi wa Nairobi wanapotokea, kwa sababu ganzi ya mgongo hutumika kwenye upasuaji mwingi wa uzazi. Maumivu huanza ndani ya siku tano baada ya sindano, mara nyingi siku ya kwanza au ya pili. Kwa wengi huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ukubwa na ncha ya sindano huamua mengi: sindano nyembamba ya geji 25 hadi 27 yenye ncha ya penseli husukuma nyuzi za dura kando, huku ile ya ncha ya kukata ikiacha tundu. Sindano ya epidurali ni nene zaidi, geji 16 hadi 18 (namba ya geji ikishuka, unene hupanda), na ikipenya dura kwa bahati mbaya zaidi ya nusu ya akina mama hupata maumivu haya ya kichwa. Kwa hiyo mwulize aliyetoa ganzi mambo matatu: ilikuwa ganzi ya mgongo au epidurali, sindano ya geji ngapi, na alichoma mara ngapi.

Kabla ya kusema "ni ganzi tu", pima shinikizo la damu. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hadi wiki sita baada ya kujifungua, nacho mara nyingi hutanguliwa na maumivu ya kichwa. Kipimo cha 140/90 au zaidi kinahitaji daktari siku hiyo. 160/110 ni dharura. Wanawake waliojifungua pia huganda damu kwa urahisi, hivyo kuziba kwa vena ya ubongo kubaki kwenye orodha, hasa kichwa kisipofuata kusimama na kulala.

Akina mama huambiwa wanywe maji mengi na walale. Maji yanafaa kwa anayenyonyesha, lakini maji ya kunywa hayazibi tundu, na kulala siku nzima humtafutia bonge la damu miguuni. Kafeini husaidia baadhi kwa muda. Kwa anayenyonyesha kiwango kisizidi miligramu 200 hadi 300 kwa siku, na kikombe cha chai kina takriban miligramu 50. Kama baada ya siku mbili bado hawezi kukaa amnyonyeshe mtoto, arudi kwa daktari wa ganzi aulizie kiraka cha damu, yaani damu yake mwenyewe inayoingizwa mgongoni kuziba tundu. Kichwa kikidumu zaidi ya wiki mbili, usiendelee kumwambia asubiri. Huyo sasa anachunguzwa kama mwenye uvujaji wowote mwingine.

MRI: kipi kwanza, kipi kiombwe

Kosa la gharama kubwa ni kutoa maji ya mgongo kabla ya MRI. Sindano yenyewe huvujisha maji, na huweza kuifanya dura ing'ae kwenye picha kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo hakuna anayejua kama uvujaji ulikuwepo au umeletwa na sindano. Kama hakuna homa wala dalili za homa ya uti wa mgongo, picha itangulie. Zikiwepo, maji yatolewe bila kuchelewa, maana homa ya uti huweza kuua kwa saa chache.

CT (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka) ya kawaida haitoshi. Ni ya haraka, ipo karibu kila mahali, na inafaa kutafuta damu. Lakini ubongo ulioshuka huweza kuonekana wa kawaida kabisa ndani yake.

Fomu ya MRI iandikwe hivi: ubongo kabla na baada ya gadolini (dawa ya mshipa inayong'arisha picha), pamoja na uti wote wa mgongo kuanzia shingo hadi kiunoni, kwa picha za T2 zilizofutwa mafuta. Anayeandika "MRI ya kichwa" peke yake atapata nusu ya jibu. Kipimo cha kawaida cha gadolini ni milimoli 0.1 kwa kilo: mtu wa kilo 60 hupewa milimoli 6, yaani mililita 12 za dawa yenye nguvu ya milimoli 0.5 kwa mililita. Mwenye ugonjwa wa figo apimwe kwanza kreatinini, kipimo cha kazi ya figo. Mjamzito kwa kawaida hapewi. Anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha. Kwa anayetumia SHA (bima ya afya ya serikali) au bima ya binafsi, idhini iombwe kwa sehemu zote mbili na kwa dawa, kabla ya siku ya kipimo. Idhini ya nusu ndiyo inayowafanya watu warudi nyumbani na picha isiyo na dawa.

Ukitoka, omba picha zenyewe kwenye CD au kiungo cha kuzifungua. Ripoti ya karatasi haitoshi. Ripoti inayosema "kawaida" mara nyingi iliandikwa na mtu ambaye fomu ilimwambia "maumivu ya kichwa" tu. Andika kwenye fomu "maumivu ya kichwa akisimama, tafuta dalili za uvujaji", na jicho lile lile litaona tofauti.

Anayesoma picha hutafuta vitu sita, na kuna alama iliyotungwa Bern, Uswisi, ikachapishwa 2019, inayovipa pointi. Vitatu vina pointi mbili kila kimoja: dura inayong'aa baada ya dawa, sinasi ya vena (mfereji mkubwa wa damu ndani ya fuvu) iliyojaa, na nafasi iliyo juu ya tezi ya pituitari kupungua hadi milimita 4 au chini. Vitatu vina pointi moja: majimaji chini ya dura, nafasi iliyo mbele ya ponsi (sehemu nene ya shina la ubongo) kuwa milimita 5 au chini, na umbali kutoka vijimwili vya mamilari (vinundu viwili vidogo chini ya ubongo) hadi ukingo wa juu wa ponsi kuwa milimita 6.5 au chini. Jumla ni 9. Alama 5 na zaidi ina maana uwezekano wa kupata uvujaji kwenye uti ni mkubwa. 3 au 4 ni wa kati. 2 kushuka chini ni mdogo.

Vipimo vyote vitatu vya milimita huchukuliwa kwenye picha moja: T1 iliyokatwa katikati kabisa ya kichwa, ikitazamwa kutoka ubavuni. Kama kipande hicho kimekatwa pembeni kidogo, ponsi huonekana nyembamba na namba zote hudanganya, kwa hiyo hakikisha unaona mfereji wa kati ya ubongo na ncha ya ponsi kwenye kipande hicho hicho kabla ya kuweka rula. Sinasi ya vena nayo isomwe kwa ukingo wake wa chini: kwa kawaida huwa umebonyea ndani, na ikijaa damu hutokeza nje.

Dura inayong'aa ina masharti. Kwenye uvujaji mng'ao ni laini, sawasawa, pande zote mbili, juu na chini ya ubongo, na haugusi utando mwembamba ulioshikamana na ubongo wenyewe. Hapa kwetu hili ni la kuzingatia, kwa sababu kifua kikuu cha utando wa ubongo hung'arisha utando mwembamba, hasa sehemu ya chini, mara nyingi kwa vinundu. Mgonjwa mmoja akiwekwa mahali pa mwingine, ama anakunywa dawa za TB miezi mingi bila sababu, ama TB inaachwa imle.

Na picha safi haimwachilii mgonjwa. Takriban mmoja kati ya watano wenye uvujaji ana MRI ya ubongo ya kawaida. Kama daftari la siku tatu lina mtindo uliokamilika, historia ishinde picha.

Shinikizo la maji: msaada na mtego

Maji yakipimwa mgonjwa akiwa amelala ubavu na amenyoosha miguu kidogo, shinikizo la chini ya milimita 60 za maji huhesabiwa kuwa la chini. Ikipatikana hivyo, inasaidia. Lakini idadi kubwa ya wenye uvujaji uliothibitishwa wana shinikizo la kawaida, na wachache wana la juu. Kusoma 110 na kumwambia mgonjwa "huvuji" ni kosa. Ukishauona uvujaji kwenye MRI, sindano ya kupima shinikizo haina kazi. Ni tundu la ziada.

Mtego wa pili ni maabara. Maji ya mtu anayevuja yanaweza kuwa na protini iliyopanda na seli nyeupe chache. Yakisomwa peke yake huitwa homa ya uti ya virusi au TB inayoanza. Angalia sukari, angalia homa, angalia kama mgonjwa hupata nafuu akilala.

Magonjwa ya ubongo yanayojificha nyuma ya uvujaji

Hapa madhara ni makubwa, na uchunguzi ukikosewa mgonjwa hufanyiwa upasuaji asiouhitaji.

La kwanza ni damu chini ya dura, pande zote mbili, kwa mtu asiye mzee, asiyeanguka, asiyetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mazoea ni kutoboa fuvu na kuitoa. Ikiwa uvujaji haujazibwa, damu hurudi, na kwa wengine ubongo hushuka zaidi. Isipokuwa mgonjwa anazidiwa kwa sababu damu hiyo inaubana ubongo, tafuta tundu kwanza.

La pili ni Chiari. Tonsili za serebela (ncha za chini za ubongo wa nyuma) zikishuka milimita 5 au zaidi chini ya mlango wa fuvu, ripoti huandikwa Chiari aina ya kwanza na mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa upasuaji wa ubongo kupanuliwa fuvu. Ubongo ulioshuka kwa kukosa maji hufanya picha hiyo hiyo. Tofauti: kwenye uvujaji shina la ubongo zima limeteremka, ponsi imebanwa mbele, nafasi juu ya pituitari imekwisha, na dura inang'aa. Chiari ya kuzaliwa huwa na tonsili peke yake. Hakuna mtu apasuliwe Chiari bila kuulizwa kama kichwa hutulia akilala, na bila picha yenye gadolini.

La tatu ndilo linalovunja familia. Mtu wa miaka 50 hivi anaanza kulala mchana kutwa, anapoteza aibu, anasema maneno asiyokuwa akisema, hajali kazi wala pesa, anatembea akiyumba. Familia huwaza pombe au kurogwa. Daktari huwaza ugonjwa wa kupoteza akili wa sehemu ya mbele ya ubongo, ambao hauna tiba. Ubongo ulioshuka sana unaweza kuleta dalili hizo hizo, na huu una matumaini ya kutibika. Ishara za kuutilia shaka: usingizi mwingi kuliko kawaida ya ugonjwa ule mwingine, kichwa kilichouma zamani hata kama sasa hakiumi, maumivu ya kukohoa, na MRI yenye ponsi iliyolala juu ya mfupa huku sehemu ya mbele ya ubongo haijanyauka. Baadhi ya wagonjwa hawa hupatikana na njia ya maji kwenda kwenye vena. Jamaa ndiye mwenye historia hapa, kwa hiyo mhoji mke, mume au mtoto mkubwa peke yake.

Uvujaji wa miaka mingi, hasa wa tundu la mbele ya uti, huacha pia madini ya chuma ya damu juu ya serebela na shina la ubongo. Mgonjwa hupoteza kusikia masikio yote mawili polepole na kuyumba. Kwenye MRI huonekana mstari mweusi, lakini tu kama picha zinazonasa damu, zile za SWI, ziliombwa.

Na kwa nadra, ubongo hushuka hadi mtu anazimia. Wakati msaada unatafutwa, kichwa kishushwe chini kuliko miguu. Baadhi huamka.

Kutafuta tundu lenyewe

Anza na MRI ya uti wote. Kukiwa na maji marefu nje ya dura, kuna mpasuko. Maji hayo yanaweza kuenea pingili kumi, hivyo yanaonyesha kuna tundu bila kuonyesha liko wapi. Hatua inayofuata ni mailogramu: dawa huingizwa kwenye maji na picha hupigwa wakati inavuja, mgonjwa akiwa amelala kifudifudi kwa tundu la mbele, au ubavu kwa tundu la pembeni. Muda ni kila kitu. Picha ikichelewa dakika chache, dawa imeshatapakaa kote.

Kukosekana kwa maji nje ya dura, huku ubongo umeshuka, huelekeza kwenye njia ya vena. Huyo apigwe mailogramu akiwa amelala ubavu, kulia na kushoto kila upande kwa zamu, na anayesoma atafute mshipa wa vena unaong'aa kando ya pingili. Akilazwa chali, mara nyingi mshipa huo hauonekani. Si kila chumba cha CT kinafanya kipimo hiki, kwa hiyo daktari wa neva apige simu kabla ya kumtuma mgonjwa, aulize mambo mawili: je, mnapiga mgonjwa akiwa amelala ubavu, na je, nani ataisoma?

Kiraka cha damu na njia ya kurudi nyumbani

Si lazima tundu lionekane ndipo mtu atibiwe. Damu ya mgonjwa mwenyewe huchukuliwa mkononi na kuingizwa nje ya dura: mililita 15 hadi 20 kwa kichwa cha baada ya ganzi, na hadi 40 hivi kwa uvujaji uliotokea wenyewe, ikisimamishwa mgongo ukianza kuuma kwa mkazo. Haifanyiki kukiwa na homa au maambukizi, wala kwa anayetumia dawa za kuzuia kuganda bila kuzisimamisha kwa mpango. Nafuu ya haraka ni ushahidi mzuri kwamba uchunguzi ulikuwa sahihi. Kukosa nafuu hakuufuti. Wengi huhitaji kiraka cha pili.

Baada yake mgonjwa alale bapa angalau saa mbili, ikiwezekana hadi siku moja. Kwa wiki nne hadi sita asiiname, asizungushe kiuno, asinyanyue vizito. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na huo ndio unaorudisha watu hospitali mtaani kusikokuwa na maji ya bomba. Boda boda na kiti cha nyuma cha matatu juu ya matuta vinarusha mgongo. Siku ya kurudi nyumbani afadhali gari ambalo kiti chake hulazwa. Choo kigumu kitibiwe mapema, maana kujikamua hufungua tundu.

Kisha mwonye jambo moja. Siku chache baada ya kuziba, kichwa kinaweza kurudi kikiwa tofauti: kipo mbele na nyuma ya macho, kinauma zaidi akilala, macho yana ukungu, anatapika. Maji sasa yamejaa kupita kiasi kwa sababu mwili ulikuwa umezoea kuvuja. Akiwekwa kiraka kingine hapo atazidiwa. Dawa yake ni kulala kichwa kikiwa juu na, kwa uamuzi wa daktari, asetazolamidi, dawa inayopunguza utengenezaji wa maji hayo. Macho yachunguzwe nyuma kama kuna uvimbe wa neva. Muulize mgonjwa swali lile lile la kwanza, ukiamka kichwa kikoje, na jibu litakuonyesha uko upande gani. Amwone daktari tena baada ya siku 10 hadi 14, na MRI ya ubongo irudiwe baada ya miezi 3 hadi 6, kwa mashine ile ile ikiwezekana, ili milimita zilinganishwe.